Saa Kumi na Mbili Kati ya Baba na Shangazi

Kosa lilikuwa langu, na nalisema mapema ili mama yangu asipate raha ya kulisema kwanza. Ni mimi niliyepanga viti.

Kazi yangu ni kupanga zamu za wauguzi katika hospitali moja hapa Auckland. Wako mia mbili na kumi, na najua nani haivi na nani, nani akiwekwa na nani wodi itageuka uwanja wa vita. Kwa hiyo Baba Mdogo Semisi alipotuita Salt Lake, Marekani, kwenye harusi ya mwanawe, familia nzima ilisema kwa sauti moja, "Naise atakata tiketi." Naise ndiye mimi. Jina kamili ni Pelenaise, ila hilo hulisikia siku nikiwa nimekosea tu. Nikakata tiketi, na kompyuta ikaniuliza kama nataka kuchagua viti. Nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Maana na mimi nilikuwa na harusi yangu. Desemba, ukumbi wa kanisa letu la Māngere, nguruwe kumi na wawili wameshaahidiwa. Bwana harusi alikuwapo, Inoke, fundi wa vioo vya madirisha, mpole hadi unamwonea huruma. Nguo ilikuwapo. Kilichokosekana kilikuwa kimoja tu, nacho ni shangazi.

Kwetu sisi Watonga wa visiwani, shangazi si mtu wa kupelekewa kadi na kuambiwa karibu. Dada mkubwa wa baba yako ndiye fahu wako. Siku ya harusi anakaa juu ya rundo la mikeka mbele ya watu wote, juu ya baba yako, juu ya mchungaji, na kila kizuri kinapita kwake kwanza. Mahali pake pakiwa patupu, hata ukialika watu elfu moja umefanya karamu tu, hujaolewa. Na shangazi yangu Kalolaine alikuwa ameapa kwamba hatatia mguu kwenye shughuli yoyote ya nyumba ya baba yangu mpaka afe, na hata akifa atazikiwa kwingine.

Chanzo kilikuwa kitambaa. Miaka mitatu iliyopita tulimzika bibi, mama yao. Kwenye mazishi yetu mikeka huja kwa malori pamoja na ngatu, zile nguo za magome yaliyopigwa na kuchorwa, na fahu ndiye wa kwanza kupewa, tena kilicho bora. Siku ile palikuwa na ngatu moja ndefu kiasi kwamba ilibebwa na wanawake tisa, na bibi mwenyewe alikuwa mmoja wa walioipiga ujanani. Baba yangu Havili, macho yamevimba kwa kulia, akili haimo kichwani, akamkabidhi Mchungaji Faleola. Ukumbi mzima ulimsikia shangazi akivuta pumzi. Alikunja mkeka wake, akavaa viatu, akaenda zake, na hakumsemesha tena ndugu yake.

Mchungaji naye alijaribu kuirudisha ile ngatu, shangazi akamwambia hapokei makombo. Baba, badala ya kwenda kuomba radhi kesho yake, akaona haya. Kesho ikawa wiki, wiki ikawa mwaka, na haya ikikaa sana hugeuka kiburi. "Alipewa mikeka arobaini," alikuwa akituambia mezani. "Arobaini! Kanuna kwa kitambaa kimoja." Lakini kila tulipopita mtaa wa dada yake tulimwona anavyopunguza mwendo wa gari.

Basi mimi mjanja nikawaza: saa kumi na mbili hewani mpaka Los Angeles, hakuna mlango wa kutokea. Nikawaweka safu ya arobaini na moja, viti vitatu vya katikati: Baba, Shangazi, mimi. Nilijua fika kwamba kwetu kaka na dada wakishakua hawakai bega kwa bega. Hawalali chumba kimoja, hawatazami televisheni pamoja, hawatamki mambo ya chumbani mmoja akiwa anasikia. Nimekulia humo, kaka zangu wakiingia sebuleni, mimi natoka. Lakini nilijiambia mila ni mambo ya nchi kavu. Nikaula wa chuya.

Uwanja wa ndege mambo yalikwenda kama kawaida yetu, yaani kwa kelele. Mihogo ilipimwa ikazidi, makopo ya nyama yakahamishwa kutoka sanduku la huyu kwenda la yule, na Mama akakalia begi la mchungaji ili lifunge. Shangazi alikuja peke yake, mkeka wake wa heshima umefungwa kiunoni, kipepeo cha ukili mkononi. Safari hii alikubali kwa kuwa mwenye shughuli ni Semisi. Alisimama mbali na Baba, lakini kwa mama yangu hakuwa na neno.

"Wifi Lose, umenenepa."

"Nimenenepa kwa raha, wifi. Wewe umekondea nini?"

"Nimekondea kukosa wa kugombana naye."

Wakakumbatiana, nami nikajiona nusu ya kazi imekwisha.

Tuliingia ndegeni saa nane kasorobo mchana. Shangazi akaketi kiti cha katikati bila kuuliza jirani yake ni nani. Kati yetu Baba alikuja mwisho, kwa sababu ndiye aliyebeba vifurushi vya kila mtu. Baba yangu ni mtu wa kilo mia na arobaini, na magoti yake aliyaacha kwenye viwanja vya raga zamani. Alipofika safu ya arobaini na moja alisimama, na foleni nzima nyuma yake ikasimama.

"Naise," alisema akitazama dari. "Nani yule?"

"Shangazi, Baba."

"Namwona ni shangazi yako. Nauliza anafanya nini pale."

"Amekaa, Baba. Ni ndege. Watu hukaa."

"Usinijibu kama mpokea simu wa hospitali. Kiti changu kiko wapi?"

"Hapo. Kando yake."

Nilitamani ardhi inimeze, lakini hata ardhi yenyewe ilikuwa chini ya magurudumu. Shangazi hakugeuza shingo. Alijipepea. "Naise, mwambie aliyesimama hapo ananizibia hewa."

Mhudumu akaja, mwanamke wa Kimaori, jina lake Ngaire limeandikwa kifuani. "Bwana, tunaomba ukae."

"Nitasimama."

"Mpaka Los Angeles?"

"Nimewahi kusimama zaidi ya hapo. Nilikuwa mlinzi bandarini."

Nusu ya ndege ile ilikuwa watu wetu, na habari ilishafika nyuma kabla Baba hajaweka begi chini. Nilizisikia sauti za wanawake safu kwa safu. Nani kamweka kaka na dada pamoja? Binti wa Havili. Yule wa zamu za hospitali? Mungu awasaidie wagonjwa. Mama, aliyekuwa safu ya nyuma yangu, akanifinya bega. "Pelenaise. Umesoma, mwanangu, sikatai. Ila ulisomea nini?"

Aliyetuokoa ni Mzungu mmoja aliyekaa karibu na Mama, mtu wa kaptura, viganja kama sepetu. Jina lake Trevor. Alikuwa mnyoa kondoo, anakwenda Marekani kwa msimu wa kunyoa. "Kuna tatizo gani?" aliuliza.

"Hawa ni ndugu," Mama akamwambia. "Hawawezi kukaa pamoja."

"Hata mimi na dada yangu. Tulipigana Krismasi."

"Hapana, bwana. Hawa ni kwa sababu ya heshima."

Trevor akafikiri. "Basi yetu haikuwa hiyo."

Akahamia katikati. Shangazi akasogea kwenye kiti changu cha pembeni, Baba akabaki pembeni ya pili, na Trevor akawa ukuta. Mimi nikachukua mahali pake, nyuma yao kabisa, ambapo niliweza kusikia kila neno na Mama aliweza kunifikia kwa kiwiko. Mchungaji Faleola, ng'ambo ya njia, akaanza sala ya safari, akawataja marubani, mabawa, mafuta, ndugu wa Salt Lake na wanaokwenda kuoana. Ndege iliruka yeye akiwa bado hajafika amina.

Saa ya kwanza Trevor alitumwa mara nne. Mwambie bwana huyo kiwiko chake kimevuka mpaka. Mwambie mama huyo kiwiko si changu, ni chako. Trevor aliangalia mikono yake, akakuta ni kweli.

Kisha akafanya kosa la kuwasha sinema. Mimi niliona kupitia nafasi ya viti: mwanamume na mwanamke kwenye kioo kidogo, mvua inawanyeshea, wanaangaliana. Kila Mtonga anajua wakiangaliana hivyo kinachofuata. Baba alijua. Aliruka kusimama akasahau mkanda, mkanda ukamrudisha kitini kwa kishindo, kikombe cha jirani kikamwagika. Shangazi akageukia upande wa pili akafunika uso kwa kipepeo.

"Zima!" Baba alisema.

"Wanabusiana tu," Trevor akasema.

"Zima, mtu wa Mungu!"

Trevor akababaika, akabonyeza huku na huku, akapata filamu ya pengwini. Sote tukapumua. Pengwini walitembea vizuri kwa dakika kumi hivi, halafu msimulizi akatangaza kwamba majira yao ya kupandana yamefika. Baba alitupa blanketi juu ya kioo na hakuliondoa tena. Mama alicheka mpaka akaomba maji. Nami nilicheka, Mungu anisamehe, ingawa harusi yangu ilikuwa inayeyuka mbele ya macho yangu.

Kwa kuwa hakuna cha kutazama, Trevor akaanza maongezi. Watu wanaofanya kazi na kondoo nadhani hukosa wa kuzungumza naye. Alimuuliza Shangazi, "Huyu ndugu yako alikuwa mtoto wa namna gani?"

"Mwizi wa matikiti," Shangazi akajibu bila kusita.

Kisha Baba, akimtazama Trevor: "Mwambie matikiti yale niliibia nani."

"Uliibia nani?" Trevor aliuliza.

"Yeye! Alikuwa na homa, hataki kula chochote ila tikiti. Nikapigwa na mwenye shamba, nikapigwa na baba, tena tikiti lenyewe alikula lote."

"Mwambie nilimbakishia," Shangazi alisema.

"Mwambie alinibakishia mbegu!"

Kipepeo cha Shangazi kilisimama. Niliona mabega yake yakitikisika, na moyo wangu ukaruka. Nikamshika Mama mkono. Trevor, maskini, akaona mambo yamenyooka, akauliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza. "Sasa mliachana wapi?"

Mabega yakatulia. Shangazi akatazama mbele. "Mwulize ngatu ya mama iko kwa nani."

Mchungaji Faleola ng'ambo ya njia akajifanya amelala, tena usingizi wa kukoroma ulioanza ghafla. Hapo nilikata tamaa kabisa. Niliutazama upara mdogo wa Baba na fundo la nywele za Shangazi, Trevor katikati, nikawaza nitampigia Inoke nimwambie tuandikishe ndoa kwa serikali kama watu wasio na kwao. Nilikuwa na hasira nao wote wawili. Watu wazima, mvi kichwani, wamenibebesha kitambaa chao.

Baba akafungua mkanda akaenda kusimama nyuma karibu na vyoo. Alisimama saa nzima na zaidi. Aliporudi alikuwa anachechemea, anashika viti, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Ngaire alimfuata.

"Bwana, nimekuangalia muda mrefu," alisema. "Hayo magoti hayafai kiti hiki. Kule mbele, nyuma ya pazia, kuna nafasi moja. Kiti kinalala kama kitanda. Twende nikupeleke."

Nilimwona Baba akilitazama lile pazia kama mgonjwa anavyotazama mlango wa daktari. Safu tatu zote zilikuwa zimesikia. Mchungaji Faleola akaamka palepale. Akanyoosha kiuno, akasafisha koo. "Havili, ndugu yangu," alisema kwa upole wote wa kichungaji, "unajua na mimi huu mgongo..."

Hapo tena. Mtu yuleyule, kitu kizuri kimoja, na mkono wa baba yangu ndio wa kugawa. Sikupumua. Mama naye aliacha kunifinya. Shangazi alikuwa ameshikilia kipepeo chake kimefungwa, ametazama mbele, na shingo yake ilikuwa imekakamaa.

Baba alibaki amesimama njiani, mkono mmoja juu ya kiti chake.

"Trevor," alisema. "Mwambie mama huyo kiti cha mbele kimepatikana."

"Amesikia, bwana. Sote tumesikia."

"Mwambie."

Trevor akageuza shingo. "Mama, kuna kiti mbele."

"Mwambie magoti yangu hayaumi," Shangazi alisema. "Wenye magoti waende."

"Mwambie si mambo ya magoti. Mwambie ni chake." Baba alikishika kiti kwa mikono miwili. "Mwambie cha mbele ni chake na kizuri ni chake, tangu nilipozaliwa nikamkuta duniani. Mwambie hata siku ile ya mama nilijua. Mkono ulishakwenda. Nikayaona macho yake, nikashindwa kuurudisha mbele za watu. Mwambie kila nikilala naurudisha."

Viganja vya Trevor vilikuwa vinasugua mapaja. "Mama," alisema, "sidhani nitaweza kukwambia kama alivyosema yeye."

"Usiseme," Shangazi alijibu. "Nimesikia."

Baba akamgeukia Ngaire, amwombe ruhusa, lakini Ngaire alikuwa ameshaelewa. Ni mtu wa Pasifiki, naye ana mashangazi. Aliitikia kwa kichwa tu.

Shangazi akasimama. Akafunga vizuri mkeka wa kiunoni, akaweka nywele sawa. Upande wake njia ilikuwa imezibwa na toroli la chai, ikabidi apitie upande wa Baba. Trevor akajibana kumpisha. Sasa, kwetu huwezi kumsimamia fahu kichwani, ukiwa mrefu kuliko yeye, anapopita kwenda mahali pake. Ukumbini watu huketi. Lakini ile haikuwa ukumbi, na ile njia ilikuwa nyembamba kuliko baba yangu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Baba alirudi nyuma hatua mbili, akashika kiti changu, akaanza kushuka. Goti la kwanza lililia, nikalisikia. La pili likafuata. Akaketi sakafuni, miguu ameikunja, kichwa ameinamisha, kilo zake zote mia na arobaini kwenye zulia la ndege.

"Bwana, hairuhusiwi kukaa..." alianza mhudumu mwingine aliyekuwa na toroli. Ngaire akaweka kidole mdomoni kumnyamazisha.

Shangazi alitoka, akasimama. Akamtazama ndugu yake pale chini. Miaka mitatu hakuwa amemtazama. Sikuweza kuuona uso wake vizuri kwa kuwa machozi yangu yalikuwa yameshaharibu kila kitu, ila Mama anasema midomo ilikuwa inamcheza. Halafu akaelekea mbele taratibu, kichwa juu, na nawaambieni kweli, kila safu aliyoipita watu wetu walishusha vichwa, hata vijana waliokuwa na vitu vya muziki masikioni. Pazia likafunguka, likafungwa.

"Nani ameshinda?" Trevor alinong'ona.

"Nyamaza, Trevor," Mama alisema huku akijifuta pua.

Kukaa Baba alikuwa ameweza. Kuinuka ndiko kulikokuwa kazi. Trevor alimshika chini ya makwapa kwa nyuma, kama anavyoshika dume la kondoo, Mchungaji Faleola akavuta mikono, wakahesabu moja, mbili, tatu. Mara ya pili aliinuka. Mchungaji alishika mgongo wake kweli safari hii.

Haikupita saa moja, vitu vikaanza kuja kutoka nyuma ya pazia. Ngaire alileta sahani ya udongo yenye samaki na limau. "Kwa wifi yake. Anasema ule, usijifanye unakonda." Kisha jibini na biskuti kwa Mchungaji Faleola, biskuti mbili kamili, na salamu kwamba hizo ndizo alizobakiza. Mchungaji alizipokea kwa mikono miwili. Kisha chokoleti kwangu. Kisha bia kwa Trevor, na swali kama ameoa. Ndivyo alivyo fahu: anapokea kila kitu, halafu kinamtoka kwenda kwa watu. Mbele kule sijui kama alionja hata kijiko.

Kwa Baba hakikuja kitu. Alikula kuku wake wa kwenye karatasi ya fedha, akakunja karatasi vizuri, akaiweka. Kila pazia lilipotikisika aliinua macho. Nilimwonea huruma, na kwa mara ya kwanza siku ile sikuwaza harusi yangu hata kidogo.

Rubani alikwishatangaza kwamba zimebaki saa mbili, na kwamba Los Angeles ilikuwa bado asubuhi ya siku ileile tuliyoondoka mchana. "Basi Naise, kwa saa za huko bado hujatukosea," Mama alisema. Ngaire akaja, akainama kwangu. "Pelenaise anaitwa kule mbele."

Jina kamili.

Nyuma ya pazia Shangazi alikuwa amelala chali kwenye kile kitanda, blanketi mpaka kidevuni, macho makavu, mekundu. Nilipiga magoti kando yake.

"Kiti hiki kinakulaza kama maiti," alisema. "Watu wanalipia hiki?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Ni wewe uliyetuweka pamoja kule nyuma."

"Ndiyo, Shangazi."

"Kama mama yako angekuwa hana huyo Mzungu karibu, ningekufia mle. Harusi yako ni lini?"

"Desemba, tarehe kumi na nne."

"Na Faleola atakaa wapi?"

"Popote utakaposema."

"Atakaa karibu na mlango. Kuna upepo, mgongo utapoa." Akacheka, nikamwona kijana ghafla. Kisha akanishika kidevu, akanivuta karibu, akaniambia la kumpelekea baba yangu. Nilirudi safu ya arobaini na moja nikijigonga kwenye viti vya watu.

Baba aliuliza akiwa ametazama kiti cha mbele yake. "Amesema nini?"

"Anakuja," nilisema. "Desemba anakuja. Ila anasema hakalii mkeka wa kununua. Wa juu kabisa anataka usukwe kwa ajili ya siku hiyo, wa ukili mwembamba, kama wa mama yake. Na anasema wewe nenda ukalale mbele, yeye kiti ameshakiona. Ukishatoka hapo ndipo atarudi."

Baba hakwenda. Alifunika uso kwa viganja, na kilio kilichomtoka kilikuwa kikubwa kama yeye mwenyewe. Trevor akamwekea mkono begani, akautoa, akauweka tena.

Mama tayari alikuwa anahesabu vidole. "Ukili mwembamba ni miezi sita, kwa wanawake wanne. Sasa ni Agosti." Akahesabu upya, vidole vikabaki vilevile. "Havili, hatuwahi."

Baba akajifuta uso kwa mkono wa shati. Akasimama, kwa magoti yaleyale, akageukia nyuma ya ndege, na kwa sauti aliyokuwa akiitumia uwanjani akauliza, "Nani humu anajua kusuka?"

Ng'ambo ya njia bibi mmoja mwenye miwani, ambaye sijawahi kumwona kabla ya siku ile, aliinua mkono. Kisha binti yake. Kisha wanawake wawili wa safu ya arobaini na tano, na mwingine aliyekuwa ametoka chooni, akainua wake akiwa bado njiani. Mikono iliendelea kuinuka mpaka safu za mwisho kabisa, na mbele, pazia likavutwa kidogo, nikaona mkono wa Shangazi. Baba alikuwa anaihesabu kwa sauti na kukosea kwa sababu ya machozi, anaanza tena moja. Mimi sikuhesabu. Nilikaa chini nikalia kama mtoto, kwa furaha, kwa kuwa Desemba nilikuwa naolewa.